Bunduki ya upepo shambani: inaua mpaka wapi, na risasi yake inafika wapi?



Kila msimu swali moja linarudi katika mikutano ya vikundi. Panya wanachimba mihogo, njiwa wanaokota mahindi yaliyopandwa jana, ndege wadogo wanamaliza mpunga. Basi mmoja anasimama na kusema: "Tuchange pesa, tununue bunduki ya upepo." Wengine wanapiga makofi, wengine wanaogopa. Wote wako na sababu.

Somo hili linawapa vipimo vya kuzungumzia jambo hilo. Tunataka kila mwanachama, hata asiyeshika bunduki maisha yake yote, aweze kujibu maswali mawili: bunduki hii inaua mnyama vizuri mpaka mita ngapi? Na risasi ikikosa mnyama, inakwenda kuanguka wapi? Majibu ya maswali hayo hayafanani hata kidogo, na hatari iko katikati yao.

1. Umbali wa namna mbili

Namna ya kwanza tunaiita umbali wa kazi. Ni mahali pa mwisho ambapo mpigaji anapata kila mara sehemu ya kuua, na risasi inafika ikiwa bado na nguvu ya kuua mara moja. Kwa bunduki za upepo za kawaida, umbali huo ni mfupi: mita 20, 30, mara chache 40.

Namna ya pili tunaiita umbali wa mwisho. Ni pale risasi inapoanguka chini baada ya kumaliza safari yake yote. Kwa bunduki ileile, umbali huo unaweza kupita mita 300, na kwa bunduki zenye nguvu unaweza kufika karibu mita 500.

Muone tofauti hiyo. Bunduki inayoua panya kwa mita 25 inaweza kutupa risasi mara kumi na zaidi ya hapo. Mwindaji anafikiri juu ya mita 25 za kwanza. Jirani, mtoto anayechunga mbuzi na mama anayechota maji wanaishi katika zile mita 300 zinazobaki.

2. Nguvu ya bunduki inapimwa namna gani?

Bunduki ya upepo haitumii baruti. Upepo unaobanwa na springi, au uliojazwa kwa pompi, ndio unasukuma kidonge kidogo cha risasi. Kidonge hicho kimefinywa katikati kama kiuno cha nyigu, na nyuma kiko wazi. Vipimo viwili vinavyopatikana sana ni kalibre 4,5, yenye kidonge cha karibu nusu gramu, na kalibre 5,5, yenye kidonge cha karibu gramu 1.

Nguvu inahesabiwa kwa joule. Ukiinua kitu cha kilo 1 kwa sentimeta 10, umetumia karibu joule 1. Sasa mulinganishe:

- Bunduki nyepesi: joule 7 hivi. Ujerumani imeweka mpaka kwa joule 7,5. Ikipita hapo, mnunuzi anaombwa ruhusa ya silaha.
- Bunduki ya kati: joule 16. Huo ndio mpaka wa Uingereza kwa karabini za upepo zisizoombewa cheti maalum cha silaha za moto. Wawindaji wa sungura na njiwa kule wanatumia nguvu hiyo miaka mingi.
- Bunduki nzito ya springi: joule 25 hadi 30. Zile za kujazwa kwa pompi zinaweza kupita hapo.
- Bunduki ya vita ya aina ya kalashnikov: karibu joule 2.000.

Kwa hiyo ile ya joule 16 haina hata sehemu moja ya mia ya nguvu ya bunduki ya vita. Hii inatufundisha mambo mawili. La kwanza, haiwezi kuua mnyama mkubwa, hata mpigaji awe hodari namna gani. La pili, kwa mnyama mdogo haiui kwa kishindo. Inaua kwa kufika fasi moja tu, yaani kichwani, kwenye ubongo. Ikifika tumboni au kwenye paja, mnyama anakimbia na kidonda na anakwenda kufa shimoni. Umepoteza nyama, umemtesa mnyama bure, na shamba halijapona.

3. Mnyama gani, na mita ngapi?

Kwa bunduki ya kati ya joule 16, mikononi mwa mtu aliyefanya mazoezi na aliyeegemea kitu, tunaweza kusema hivi:

Panya wa nyumbani na wa shambani: mpaka mita 25. Ni mdogo, kichwa chake ni kidogo, hivyo shabaha ndiyo inaweka mpaka, siyo nguvu.

Njiwa na kwale: mpaka mita 30 au 35, akiwa ametulia chini. Ndege anayeruka hapigwi kwa bunduki hii.

Sungura wa porini: mpaka mita 30 au 35, kichwani tu.

Panya buku, yule mkubwa mwenye mkia mrefu, ambaye anaweza kupita kilo 1: mita 20 au 25, kichwani tu.

Simbiliki, ambaye wengine wanamuita ndezi: hapana. Huyu anaweza kufika kilo 5 na zaidi, mifupa yake ni minene, na anatembea sana usiku katika majani marefu. Bunduki ya joule 16 inamjeruhi tu.

Nyani, kima, ngiri na swala: hapana kabisa, hata kwa mita 5. Wengi kati yao wanalindwa na sheria, na mnyama aliyejeruhiwa anaweza kukurudia.

Kama bunduki ni ile nyepesi ya joule 7, mukate umbali huo karibu nusu: panya mpaka mita 12 au 15, na hapo ndipo kazi yake inaishia.

4. Kwa nini risasi inashuka njiani

Wengi wanafikiri risasi inakwenda moja kwa moja kama kamba iliyovutwa. Hapana. Kidonge cha gramu 1 kikitoka kwa nguvu ya joule 16, kinaanza na mwendo wa mita 180 hivi kwa sekunde. Hewa inakishika, na ardhi inakivuta chini tangu kinapotoka mdomoni mwa bunduki.

Tuchukue bunduki iliyorekebishwa ipige katikati kabisa kwa mita 25. Mpigaji yuleyule, akilenga vilevile bila kubadili kitu:

- kwa mita 40, risasi inapita karibu sentimeta 10 chini ya pale alipolenga;
- kwa mita 50, inapita zaidi ya sentimeta 20 chini.

Kichwa cha panya buku hakina hata sentimeta 5 za upana. Mtu akikosea umbali, akadhani mita 25 kumbe ni 40, hawezi kukipata, na pengine atampiga mguu.

Kuna na upepo. Upepo wa kutikisa majani ya migomba, ukitoka upande, unaweza kusogeza kidonge sentimeta 5 au zaidi kwa mita 40. Tena kidonge kinatumia karibu robo ya sekunde kufika huko. Mnyama akiinua kichwa wakati huo, umempiga shingo au bega.

Na nguvu? Kwa mita 40, kati ya robo na theluthi ya zile joule 16 imekwisha njiani. Ndiyo maana hatuamini mtu anayesema "yangu inaua kwa mita 80". Labda siku moja ilitokea. Umbali wa kazi siyo ile siku moja ya bahati. Ni ile unayoweza kurudia mara tano kwa tano.

5. Zoezi: kila mpigaji apime umbali wake

Umbali wa kazi hauandikwi na fundi wa kiwanda kwenye katoni. Kila mtu anapashwa kuutafuta mwenyewe, na bunduki yake, na vidonge vyake. Munahitaji kamba, katoni, kalamu na kifuniko cha chupa ya bia au limonade.

Kwanza, muchague fasi yenye ukuta wa udongo nyuma, mrefu kuliko mtu. Siyo jiwe, siyo bati, siyo mti mgumu, kwa sababu kidonge kinaweza kurudi usoni.

Pili, mupime kamba na mufunge fundo kila mita 5, mpaka mita 40. Hatua za miguu zinadanganya, zaidi sana kwenye mlima.

Tatu, muweke kifuniko cha chupa juu ya katoni na muchore duara kukizunguka. Duara hilo ni la sentimeta 3 hivi, sawa na fasi ya kuua kwenye kichwa cha mnyama mdogo.

Nne, mpigaji akae chini au aegemee kitu, kama atakavyofanya shambani. Aanze kwa mita 10, apige vidonge vitano. Vyote vitano vikiingia ndani ya duara, arudi nyuma mita 5 na achore duara jipya.

Tano, pale kidonge kimoja kinapotoka nje, hata kimoja tu, asimame. Umbali wake wa kazi ni ule wa fundo lililotangulia. Kama alipata vyote kwa mita 20 na kukosa kimoja kwa mita 25, basi yeye ni mtu wa mita 20. Hata kama bunduki ni ya mita 35, yeye ni wa mita 20.

Sita, mpigaji hapiti kamwe mipaka ya mnyama tuliyoandika katika sehemu ya 3. Kati ya umbali wa mpigaji na ule wa mnyama, munachukua ule mfupi.

Mukishajua namba hiyo, mupande vijiti shambani kwa umbali huo kutoka fasi ya kuvizia. Mnyama akiwa ng'ambo ya kijiti, hapigwi. Hakuna haja ya kubishana.

Zoezi hili lirudiwe kila msimu, na kila munapobadilisha aina ya vidonge. Springi inachoka, na mpira wa ndani unakauka. Musitie mafuta ya kula, mazuti wala petroli ndani ya bunduki mukidhani itapata nguvu: mafuta yanaweza kuwaka ndani, yakaharibu bunduki na kumuumiza mwenye kuishika.

6. Umbali wa mwisho: fikiri juu ya jirani

Sasa tuje kwa ile safari ambayo mpigaji haioni.

Mtu akisimama kwenye uwanja wa sawasawa na kupiga bila kuinua mdomo wa bunduki, kidonge kinagusa ardhi karibu mita 80 mbele yake. Lakini akiinua mdomo kuelekea ndege juu ya mti, mambo yanabadilika. Safari ndefu kuliko zote inatoka pale bunduki imeinuliwa kidogo kuliko nusu ya kusimama wima, na huko ndiko vidonge vinapita mita 300. Mkao huo ndio ule wa mtu anayelenga njiwa kwenye tawi la mwembe.

Hekta moja ni mita 100 kwa mita 100. Mita 500 ni mashamba matano ya hekta moja yanayofuatana. Mkulima wa nusu hekta anayepiga njiwa juu ya mti anatupa risasi ku shamba la watu asiowajua, pengine kwenye uwanja wa shule.

Mtu atauliza: kidonge kilichokwisha safari kinaweza kufanya nini? Kwenye ngozi nene pengine alama tu. Lakini jicho halina ngozi nene. Na kwa mita 50 au 100, kidonge bado kinaweza kuingia mwilini mwa mtoto.

Kwa hiyo tunapendekeza kanuni nne:

Usipige kamwe kitu kilicho na mbingu nyuma yake. Ndege juu ya mti, juu ya paa au juu ya kilima hapigwi.

Ujue risasi itasimama wapi mbele ya kugusa kifyatulio. Lazima kuwe na udongo nyuma ya mnyama: ukingo, tuta, mteremko unaopanda. Majani ya migomba na mahindi siyo ukuta. Kidonge kinapita, na huwezi kuona nani yuko nyuma.

Usipige juu ya maji. Katika mashamba ya mpunga, kama yale ya bonde la Ruzizi, maji yaliyotulia yanarusha kidonge kama mtoto anavyorusha kijiwe ziwani, na hakuna anayejua kitakwenda upande gani. Jiwe na ardhi kavu ngumu ni vilevile.

Ukiwa juu ya kilima na bonde liko chini, zile mita 80 za uwanja wa sawasawa zisahau. Ardhi inakukimbia, na risasi inaendelea.

7. Hapa kwetu kuna hatari nyingine

Vitabu vya Ulaya juu ya bunduki za upepo havisemi jambo hili, lakini sisi tunapashwa kulisema. Kwa mbali, bunduki ya upepo inafanana na bunduki ya vita. Mtu anayetembea nayo alfajiri katika mahindi, fasi ambapo askari na watu wenye silaha wanapita, anaweza kupigwa risasi na mtu aliyeogopa, au kukamatwa na kuombwa maelezo asiyoweza kutoa. Umbali wa kazi wa bunduki yako ni mita 30. Wa bunduki ya yule aliyekuona ni mita 300 na zaidi. Kama eneo lenu halina usalama, jibu letu ni fupi: musinunue, na musitembee nayo.

Kuna na sheria. Silaha na risasi zinaongozwa na sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Uwindaji unaongozwa na sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, inayoomba ruhusa ya kuwinda. Sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 inalinda viumbe na maeneo ya hifadhi. Ndani ya mbuga za taifa, kama Virunga na Kahuzi-Biega, hakuna kuwinda, hata panya. Mbele ya kutoa hata franga moja, komite iende kwa ofisi ya teritware, kwa polisi na kwa mkubwa wa mazingira. Muulize kama bunduki hiyo inaruhusiwa, kwa jina la nani, na miezi gani uwindaji unafungwa. Muombe jibu kwa maandishi, na nakala ibaki katika kitabu cha koperative.

8. Nyama, risasi na magonjwa

Kidonge kikigonga mfupa, kinaacha vipande vidogo visivyoonekana. Risasi ni sumu. Shirika la Afya Duniani (OMS) linasema hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama mwilini. Inaharibu zaidi akili ya mtoto anayekua na mimba. Kata na utupe nyama yote inayozunguka kidonda, na kichwa kilichopigwa musimpe mtoto wala mama mwenye mimba. Musishike vidonge mdomoni wakati wa kupiga, na muoshe mikono kwa sabuni mbele ya kula.

Panya waliouawa wasishikwe kwa mikono mitupu. Tumieni koleo au mfuko, muzike au muchome. Katika sehemu za Ituri ambako tauni inarudi mara kwa mara, jueni kwamba viroboto wanaacha mwili wa panya ukianza kupoa na wanatafuta mwili mwingine wenye joto, pengine wako. Mukiona panya wengi wamekufa wenyewe, musiwaguse. Mupashe habari kituo cha afya siku hiyohiyo.

9. Je, inasaidia shamba?

Sasa hesabu ya mkulima. Bunduki inapiga mnyama mmoja kwa kidonge kimoja, mpigaji akiwa macho na mchana ukiwa mweupe. Panya wanazaa mara nyingi kwa mwaka, na kazi yao wanaifanya usiku. Ndege wa mpunga wanakuja kwa mamia. Ukiua watatu, wengine wanaruka na kurudi baada ya dakika kumi.

Kwa panya, mitego mingi kwa siku moja, mashamba ya jirani yakishirikiana, na kingo zilizofyekwa vizuri vinafanya kazi kubwa kuliko bunduki. Ghala liinuliwe juu ya nguzo za karibu mita 1, na kila nguzo ivikwe bati lenye umbo la mbelewele ili panya asipande. Kwa ndege, mupande mpunga kwa wiki moja wote pamoja, ili uive pamoja na hasara igawanyike. Muweke zamu ya walinzi asubuhi na jioni, fasi fasi mutumie neti. Kwa simbiliki, uzio mfupi uliokazwa chini na mitego kwenye njia zake.

Bunduki ya upepo inabaki na kazi ndogo: panya wachache waliobaki kuzunguka ghala, au njiwa wa chini wakati wa kupanda, fasi yenye usalama, mikononi mwa mtu mmoja au wawili wanaojulikana, wenye ruhusa. Ifungwe katika sanduku, vidonge fasi nyingine, na watoto wasijue ufunguo uko wapi.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika mashamba yetu, kuna fasi ngapi zenye ukuta wa udongo nyuma? Muzichore kwenye karatasi.
2. Kutoka katikati ya shamba la koperative, mita 500 zinafika wapi kila upande? Kuna nyumba, njia, shule, kisima?
3. Mwanachama alipata vidonge vitano kwa mita 25 na vinne kwa mita 30. Panya buku yuko mita 28. Apige au aache? (Aache. Mpigaji ni wa mita 25.)
4. Pesa ya bunduki moja na vidonge vyake inanunua mitego mingapi?
5. Kama risasi ya koperative inamjeruhi mtu, nani anamlipa? Muandike jibu mbele ya kununua, siyo baada.

Komite ziandike majibu na ziyape agronomu wa eneo kwenye mkutano unaokuja. Tutayatumia kutayarisha somo juu ya mitego na ghala zisizoingiwa na panya.